Mwanangu Si Kichaa, Ni Dawa ya Saratani!

"Kichaa hashiki mkasi!"

Wifi wa mwanangu alifoka hivyo huku akimvua mwanangu funguo za duka shingoni. Mbele ya wateja! Kamba ikamchuna mpaka ngozi ikawa nyekundu...

Mimi mama mzazi nimesimama mlangoni na chupa ya chai.

"We binti, una nini na mwanangu?"

"Muulize mwenyewe! Kakata gauni la bibi harusi, mikono yote miwili ya kushoto! Mwenye gauni yuko njiani, utamjibu wewe?"

Nikamtazama mwanangu. Kichwani kitambaa, nywele zilishaisha zote.

"Mama, sikumbuki kulikata... labda ni mimi."

Hiyo "labda ni mimi" ilinichoma, jamani!

Mwanangu ni fundi cherehani, duka ni la kwake. Wifi yake huyo, mwanangu ndiye aliyemfundisha kazi, toka hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Ikaja saratani ya titi. Mumewe dereva wa lori, safari zake ndefu. Mimi nikawa nabaki na wajukuu, wifi akawa ndiye wa kumpeleka kutundikiwa dripu za dawa.

Ndipo usahaulifu ukaanza. Pasi inawaka, kaiacha juu ya nguo. Anaanza neno, linampotea mdomoni.

Shule niliishia msingi, lakini daktari alinieleza nikaelewa. Alisema dawa ile inaua saratani, ila inaweza kuzalisha mwilini sumu fulani inayochakaza chembe za mwili zenye afya pia, mfano wa kutu inavyokula chuma. Wataalamu wanaona hata ubongo unaweza kuguswa. Si wazimu! Na wengi hupata nafuu matibabu yakiisha.

Nilimwambia wifi mtu haya yote. Kumbe nilikuwa nampa silaha!

Mwenye gauni akaingia, kavimba kwa hasira.

"Nani kaniharibia gauni langu?"

"Huyo hapo," wifi akanyoosha kidole. "Tusamehe dada, akili zimeruka."

Bibi harusi akamtazama mwanangu. Akamgeukia wifi.

"Unanifanya mtoto? Huyu dada ndiyo kwanza namuona leo! Aliyenipima ni wewe. Na kitambaa ulikikata mbele ya macho yangu, unaongea na simu!"

Wateja wote wakamgeukia wifi.

"Ah, na wewe!" wifi akaropoka. "Hata ningekata mimi, yeye atakumbuka nini?"

Mmesikia wenyewe!

Nikadhani mambo yameishia hapo. Mwanangu akainuka taratibu, kashika meza.

"Wifi... juzi nilikuuliza siku ya dripu. Ukaniambia nimeshatundikiwa, nimesahau tu."

"Ndiyo. Si ulitundikiwa?"

"Mbona safari hii sikutapika hata kidogo? Nikawa namshukuru Mungu..."

Chupa ya chai ikanidondoka!

Nikampigia nesi wa kliniki, nikaweka sauti kubwa kila mtu asikie.

"Mama, afadhali umepiga!" nesi akasema. "Mgonjwa wetu hakuja. Tulipiga namba ya wifi yake, akatuambia mmehamia hospitali nyingine."

Nilimrukia, nawaambia ukweli. Wateja ndio walionishika.

"Niacheni! Ulitaka mwanangu afe?"

"Dawa yenyewe ilikuwa inammaliza! Nilimwonea huruma!"

"Huruma gani hiyo, na funguo zake umeshazivaa shingoni?"

Akazifunika funguo kwa kiganja. Alitolewa dukani anasukumwa mgongoni, na kaka yake, mume wa mwanangu, kwenye simu kamwambia asikanyage tena kwake.

Kina mama wenzangu, nawaonya. Mgonjwa wa dawa hizi akianza kusahau, msimcheke, msimwite kichaa. Mwambieni daktari. Na asikatishwe dawa kwa maneno ya mtu yeyote, wa kusema hapana ni daktari tu! Siku ya kliniki mpeleke wewe, ukae mpaka uone kwa macho yako. Maana anayesahau, mtu mbaya anaweza kumkumbusha uongo wowote naye akaamini.

Haya naandika nikiwa wodini, kando ya kitanda chake. Daktari katugombeza, lakini kasema tumewahi.

Sasa hivi tu kafumbua macho.

"Mama, leo nimeshatundikiwa?"

"Inaingia, mwanangu. Naiona kwa macho yangu."

Kalala. Baada ya muda ataniuliza tena, na nitamjibu tena.