Volti Kumi na Saba

Nzigire alimzaba Salomon kofi kabla hajalijua jina lake. Ilikuwa Jumamosi, maegesho ya duka la Waafrika kule Whitehall, pembeni mwa Columbus, yamefurika, na kijana mwenye ovaroli ya bluu aliingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo wa gari lake. Wanawake waliokuwa wakipakia mifuko ya fufu waligeuka wote.

"Bon, umenipiga," alisema, akipapasa shavu. "Sasa fungua boneti, dada. Inaungua."

Kweli, mkanda wa injini ulikuwa ukifuka moshi. Aliurekebisha, akaomba namba ya simu iwe malipo yake. Kwa miezi mitatu Salomon wa Columbus na Nzigire, aliyekuwa amerudi kwake Louisville, walizungumza kwa simu kila jioni. Salomon alimwita "bondia wangu".

Julai, akienda Lackawanna kumwona kaka yake Rutebuka, Nzigire alipita kwa Salomon amevaa kitenge cha manjano kilichomkaa sawasawa kiunoni. Alteneta ya gari, ile inayochaji betri, ilikuwa imekufa. Salomon alimfungia nyingine, iliyong'olewa kwenye gari bovu, akambusu, akamwacha aende.

Karibu na Erie taa za mbele ziliwaka kwa ukali, moja ikalipuka. Harufu ya mayai viza ikajaa ndani. Akampigia.

"Inachaji kupita kiasi," alisema Salomon. "Washa kila kitu, cheri. Hita, redio, taa. Vitakula huo umeme. Utafika."

Alifika, hita ikimchoma miguu katikati ya kiangazi. Rutebuka alifungua boneti injini ikinguruma, akatikisa waya wa betri. Betri ikapasuka. Tindikali yake ilimpiga usoni, vipande vya plastiki vikamkata shingo, akaanguka kwenye zege akilia. Nzigire, ambaye kazi yake ni kuwatunza wazee, alimkalia kifuani, akampanua kope kwa vidole na kummwagia maji ya bomba mpaka ambulensi ikaja. Tindikali ilikiacha kitenge chake matundu matupu.

Daktari alisema jicho litapona. Salomon, kwenye simu, alisema betri ilikuwa mbovu. Jirani akaleta betri nyingine na mita, akawasha gari: volti kumi na saba, badala ya kumi na nne. Nzigire akamwambia Salomon asimpigie tena.

Siku ya nne Salomon alisimama mlangoni Lackawanna, amevaa shati jeupe, mkononi alteneta mpya. Rutebuka, bandeji jichoni, alimpiga ngumi ya mdomo. Akamwongeza nyingine. Salomon aliiweka alteneta chini, akafunga mikono nyuma. Shati likalowa damu.

"Ulijua?" aliuliza Nzigire.

"Nilijua tangu uliponipigia. Kukuambia usimame ilikuwa kukubali kwamba nimekufungia takataka. Niliona haya."

"Donc, kwa hiyo haya yako ilizidi jicho la kaka yangu."

"Siku ile, ndiyo."

Rutebuka, aliyekwisha kuinua ngumi ya tatu, aliishusha.

Salomon alifunga alteneta huku akitema damu, akawasha injini, akamnyooshea Nzigire mita asome mwenyewe. Kumi na nne na kidogo. Nzigire aliwasha taa, akazizima, akasoma tena.

"Mbona siku ile hukupima?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

Nzigire alimzaba kofi, shavu lile lile. Halafu kwa mkono huo huo akamfuta damu mdomoni.

"Ukitaka kunioa, pima kwanza. Kuniangalia baadaye."

"Apime mara mbili," alisema Rutebuka, akaingia ndani kumtafutia shemeji yake shati.