Kilichongoja Ndani ya Silinda

Ilikuwa saa saba mchana, bati la paa likilia kwa jua, na kila chuma ndani ya karakana kilikuwa cha moto isipokuwa silinda ya tatu. Hiyo ilikuwa ya baridi.

Fundi Taratibu aliigusa, akaondoa mkono, akaigusa tena. Mwanzoni alidhani kosa ni la mkono wake, maana mtu akishafika miaka sitini viungo humfanyia mizaha. Akaishika silinda ya nne, iliyolala kwenye meza hiyo hiyo, ikamchoma. Akarudi kwenye ya tatu. Baridi, na unyevunyevu kidogo, kama ukuta wa kisima.

Walimwita Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hata siku pipa la mafuta liliposhika moto alikwenda kwa hatua zake, akalizima, akarudi kumalizia chai yake. Basi na siku hiyo hakupiga kelele. Alifuta mikono, akaitazama silinda kwa muda mrefu.

Injini ilikuwa ya ndege ndogo ya kubebea wagonjwa. Ilikuwa imelala chini ya turubai miaka mitatu, tangu kampuni ilipofunga milango, na sasa kampuni ilikuwa imefunguliwa upya na ndege ilitakiwa angani. Silinda tano zilitoka bila ubishi. Ya tatu pistoni yake ilikuwa imeshikana na kuta kwa kutu, ikabidi fundi achomoe pini na kuitoa silinda nzima, pistoni ikiwa bado tumboni mwake.

"Bado tu?" aliuliza Mama Stoo, mwanamke mnene mwenye kutunza vipuri, aliyekuja kusimama mlangoni na funguo zake kiunoni.

"Imejam."

"Ichape nyundo, itajua adabu."

"Nyundo kwenye pistoni ya ndege, unampiga na mtu atakayekaa nyuma yake."

Wote wawili walijua nani atakayekaa nyuma yake. Rubani aliyepewa ndege ile alikuwa binti wa fundi, mtoto wake wa pekee, na yeye ndiye angeirusha mara ya kwanza, peke yake, kuijaribu.

Pistoni iliyokwama ina namna yake ya kutolewa. Haitolewi kwa upepo wa kompresa, maana itatoka kama risasi. Unailoweka kwa mafuta siku mbili tatu. Kisha unahakikisha valvu zimefunga, unaziba tundu moja la plagi, na kwenye tundu la pili unafunga bomba la grisi, unasukuma kwa mkono, pole pole. Grisi hujaa nyuma ya pistoni, na ikikosa pa kwenda huisukuma itoke, unywele kwa unywele. Ni kazi ya mtu mvumilivu.

Lakini mzee aliyemfundisha Taratibu ufundi alimkazania jambo jingine, ambalo halimo katika kitabu cha injini. Ukifunga chochote chenye nafasi ndani yake, iwe silinda, tangi au hata kopo la grisi, taja jina la Mola wako kabla hujakaza. Viumbe wengine, alisema, hutafuta mahali patupu penye giza, na penye jina hilo hawaingii. Taratibu hakuwahi kuliacha neno hilo katika miaka thelathini na nane ya kazi.

Isipokuwa mara moja.

Silinda ile ya tatu aliifunga mwenyewe, miaka mitatu nyuma. Alikuwa amezibana ringi za pistoni kwa kibanio, ameinama, mdomo wake karibu kabisa na mdomo wa silinda, simu ilipoanza kulia mezani. Aliijua namba. Ilikuwa ya wodi alikolazwa mkewe. Ringi zilikuwa zinakaribia kuingia, na ukiziachia hapo zinavunjika. Akasema, bila kuinua kichwa, "Ngoja kidogo, nakuja."

Simu ikalia hadi ikakata. Ikalia tena, na tena. Alipomaliza kukaza nati ya mwisho na kufika hospitali, mkewe alikuwa amekwisha funikwa uso. Nesi alimwambia kwa upole, "Alikuwa anakuita, mzee." Siku hiyo hakuwa ametaja jina la Mola. Alilolisema mbele ya silinda ile ni "ngoja" tu. Habari ya simu hajawahi kumwambia mtu, hata binti yake.

Basi alimimina mafuta ndani ya silinda, akaisimamisha mezani, akakaa kando yake na chupa yake ya chai. Ndipo aliposikia kugongwa. Mara mbili haraka haraka, kisha kimya, kisha mara moja.

Alikitua kikombe mezani. Mkewe ndivyo alivyokuwa akigonga mlango wa bafu, alfajiri, kumharakisha asichelewe swala.

Chuma kikipata mafuta hulia, alijiambia. Akainama kuchungulia tundu la plagi, na hapo ikamjia harufu: mafuta ya nywele aliyokuwa akipaka mkewe, na nyuma yake, hafifu, harufu ya shuka za hospitali. Akaweka sikio.

"Umekuja?" sauti ikauliza.

Ilikuwa sauti ya mkewe. Na ule uchovu wake wa siku za mwisho, na ule mkwaruzo mdogo kooni.

Mtu mwingine angekimbia. Taratibu hakukimbia, na si kwa ushujaa. Alikuwa ameingoja sauti ile kwa miaka mitatu, katika nyumba ambamo alipika chakula cha mtu mmoja katika sufuria ya watu watatu. Aliegemeza paji la uso kwenye chuma baridi akalia kimya kimya, kama mtoto aliyepatikana.

"Nimekuja," alisema. "Nilichelewa. Nisamehe."

"Uliniambia ningoje. Nikangoja."

Siku ya pili alimwambia Mama Stoo kwamba mafuta bado hayajapenya. Siku ya tatu akasema vivyo hivyo. Kila mchana, wenzake walipokwenda kula, alivuta kiti, akafungua chupa ya chai, akajimiminia, akaongea na silinda. Alimweleza habari za nyumba, za jirani aliyehama, za goti lake. Sauti ilicheka pale mkewe alipozoea kucheka. Alianza kukonda. Usiku hakulala, akitamani kupambazuke arudi kazini.

Siku ya nne Mama Stoo alimvuta mkono hadi nyuma ya stoo.

"Shemeji," alinong'ona. Humwita shemeji kwa sababu marehemu alikuwa shoga yake. "Unaongea na nani mle ndani?"

"Naongea na kazi yangu."

"Kazi yako inacheka kama mwanamke? Nimesikia kicheko. Mimi mwenyewe sijacheka tangu asubuhi, na mwanamke mwingine hapa hakuna."

"Masikio yako yamezeeka, dada."

"Yamezeeka, ndiyo, lakini hayajafa. Kicheko kile nakijua, na mwenye nacho tulimzika." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mtoto anarusha ile ndege. Usisahau."

Alirudi mezani akiwa amekasirika, kwa sababu alijua anaambiwa kweli. Mbali, msikitini, mwadhini alianza kuita adhuhuri. Fundi akasimama kwa mazoea, akitafuta kofia yake.

"Usiende," sauti ikasema.

Akasimama palepale.

"Kaa nami. Swala itakuja nyingine. Usiende leo."

Fundi Taratibu hakugeuka. Kofia ilikuwa mkononi. Alimkumbuka mkewe kitandani hospitali, amebaki mifupa, hawezi kuinua kijiko, akimwambia kwa kidole tu: nenda, wanaadhini, nenda, mimi nipo. Miaka thelathini ya ndoa, hakuna siku hata moja mwanamke yule alimzuia kwenda kuswali. Aligonga mlango ili aende. Hakuwahi kugonga ili abaki.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Kisha sauti, tamu zaidi, karibu zaidi: "Usinitoe. Nifunge tena kama nilivyokuwa. Mwanetu ataruka lini? Nataka niruke naye."

Alikwenda kuswali, na katika sijda ya mwisho alikaa hadi waliokuwa karibu naye wakadhani amelala. Aliporudi karakana ilikuwa tupu. Akafungua chupa ya chai kama kawaida, akamimina tone lililobaki, akashindwa kulinywa. Akaziba tundu moja la plagi. Kwenye la pili akafunga bomba la grisi. Akaanza kusukuma.

Mpini ulikwenda mara kumi bila taabu, grisi ikijaza nafasi iliyokuwapo. Mara ya kumi na moja ukawa mgumu. Ndani, kitu kikapumua.

"Unaniumiza," kikasema.

Akasukuma. Akasoma Ayatul Kursi, taratibu, neno baada ya neno, kama alivyofanya kila kitu maishani mwake, na kila aliposukuma silinda ilizidi kuwa baridi hadi jasho la mikono yake likashikana na chuma, na harufu ya mafuta ya nywele ikageuka kuwa harufu ya nywele zinazoungua, na sauti ikaanza kumtaja kwa jina ambalo mkewe alimwita chumbani tu, jina ambalo hakuna kiumbe mwingine aliyelijua, ikimwambia simu ililia mara tatu, mara tatu, na nilihesabu kila mlio nikiwa nakata roho, na ulisikia, ulisikia ukakaza nati, na sasa unaniua mara ya pili kwa mkono ule ule, na machozi yakamtiririka fundi hadi kidevuni yakadondokea kwenye grisi, lakini mkono wake haukusimama, wala ulimi wake.

"Mke wangu hayumo humu," alisema alipofika mwisho wa aya. "Mke wangu yuko kwa Mola wake. Kosa langu nitalijibu huko, si kwako. Toka, kwa jina la Mwenyezi Mungu."

Pistoni ilitoa mlio, kama mlango mzito uliosahauliwa. Ikasogea upana wa ukucha. Ikasogea tena. Kisha ikateleza yote ikaangukia kwenye matambara aliyoyatandika, na hewa ya baridi ikapita juu ya meza, ikakivuka kikombe chake, ikatulia.

"Baba!"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mwangaza wa jua nyuma yake, helmeti ya pikipiki kwapani. "Baba, una nini? Mbona umelowa hivyo?"

Fundi alitazama huku na huko kama mtu aliyeamshwa. Hakutaka mtoto aingie, aione hali ile. Akashika kilichokuwa karibu, akakifunika kilichokuwa wazi, akaanza kupanga meza kwa haraka, yeye ambaye hajawahi kufanya haraka.

"Ngoja kidogo," alisema, akikaza kifuniko cha chupa ya chai. "Nakuja."

Wakatoka pamoja juani. Silinda, alipoirudia jioni, ilikuwa ya moto kama wenzake.

Chupa ya chai aliisukuma chini ya meza, nyuma ya makopo ya rangi. Ilikuwa chupa ya siku zile nne, na hakutaka tena kuiona. Kwa siku kumi alijenga injini upya: pistoni mpya, ringi mpya, kuta za silinda zikasuguliwa hadi zikang'aa. Kila alipofunga alitaja jina la Mola kwa sauti, hadi Mama Stoo akamtania, "Sasa hata mende wa stoo yangu wamesilimu." Akacheka. Alikuwa ameanza kula. Alikuwa ameanza kulala.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, ndege ilivuta pumzi, ikakimbia, ikanyanyuka. Fundi alisimama nje ya karakana, redio ya mawasiliano mkononi, akiisikiliza injini inavyoimba. Hakuna mgongano, hakuna kukohoa. Silinda sita, sauti moja.

"Alhamdulillahi," alisema Mama Stoo, akijifuta macho kwa kanga. "Marehemu angeona leo. Na ile chupa yako mtoto kaichukua."

"Chupa gani?"

"Ya chai. Kaiona chini ya meza wakati anatafuta glavu. Nikamwambia hiyo ya siku nyingi, akasema hapana, nzito, imejaa, atakunywa huko juu. Mtoto mzuri yule, hachagui."

Fundi aliikumbuka ile chupa. Aliikumbuka ilivyokuwa wazi mezani, tupu, pistoni ilipoanguka. Akaukumbuka mkono wake ukikaza kifuniko, na neno alilolisema, na neno ambalo hakulisema.

Alifungua redio.

"Mwanangu. Mwanangu, unanisikia? Usiifungue hiyo chupa."

Mkwaruzo. Kisha sauti ya binti yake, angavu, yenye furaha. "Baba! Injini tamu kama asali. Chupa? Nimeshaifungua. Kilikuwa kinagonga kitu ndani, nikadhani kioo cha ndani kimevunjika. Lakini haina kitu, Baba. Tupu kabisa."

"Taja jina la Mola wako. Sasa hivi, mama, litaje, nakusikiliza."

Redio ikakaa kimya. Juu, ndege iliendelea kuzunguka, ndogo, nyeupe, injini ikiimba bila kasoro. Kisha katika redio pakasikika kugongwa, kama mtu anayegonga kipaza sauti kwa ukucha. Mara mbili haraka haraka. Kimya. Mara moja.

"Mwanangu?"

"Ngoja kidogo, Baba," sauti ikasema, na kooni mwake mlikuwa na mkwaruzo mdogo. "Tunakuja."