Tairi la Nne la Fikru

Jumamosi hiyo hapa Adama, Ethiopia, ilikuwa ya kawaida tu, vumbi na punda. Jirani yangu Desta, fundi tairi, alikuwa akimfungia mdogo wake Fikru matairi mapya manne, maana Fikru alikuwa anampeleka mkewe Hiwot kwa mama yake, Harar, akajifungulie huko. Gari jeupe, linang'aa kama meno ya kununua. Desta amezeeka akizungusha matairi ya watu. Lake hana hata la baiskeli.

"Gashe, mbona unalipapasa gari hivyo?" Fikru akamtania kaka yake. "Utalitia mimba!"

Desta akacheka kwa meno. Moyoni alikuwa anaungua. Mtoto aliyembeba mgongoni leo anamrushia ufunguo kama mtumishi!

Matairi matatu yalikaa sawa kwenye mashine ya kubalansi, ile inayoonyesha upande uliopungukiwa uzito. La nne likagoma. Mashine ikadai gramu thelathini na tano. Desta akagongea kipande cha madini ya risasi, akazungusha. Thelathini na tano, upande mwingine. Akagongea tena. Thelathini na tano. Uzito ulikuwa unamkimbia, kama kitu hai kinachohama kiti.

Mama yao, aliyekuwa akikaanga kahawa mlangoni, akainuka. "Hilo limeliwa na jicho la husuda."

"Emaye, acha ushamba," Desta akamwambia mama. "Mashine imechoka."

Mama akatupa mizizi kwenye makaa, akaupepea moshi chini ya tairi, akauliza kama anavyoulizwa mtu aliyeliwa, ili aliyemla ajitaje kwa kinywa chake: "Wewe nani? Umemlia wapi?"

Desta alikwisha kuzima mashine. Tairi likaendelea kuzunguka.

Hiwot, aliyekuwa amesinzia kwenye benchi, akafungua kinywa. Macho hakufungua. Ikatoka sauti ya kiume.

"Viatu vyake vya kwanza nilinunua mimi. Gari langu. Mke wangu. Na hicho cha tumboni, changu."

Sauti ya Desta. Na midomo ya Desta ilikuwa imefungwa.

Hakuna aliyemtazama Desta. Sote, pamoja na majirani waliovutwa na moshi, tulitazama chini.

Mama akanong'ona, "Litemee mate, mwanangu. Waachie. Wana safari hawa."

Mate ya aliyekula ndiyo humwachia aliyeliwa, lakini kutema ni kukiri, tena mbele ya mtaa mzima. Desta akasita. Kisha akainama. Mate hayakuja. Akakamua mashavu. Akakohoa. Kinywa kikavu kama unga.

Fikru akafunga tairi la akiba, kuukuu, akamwinua mkewe. Hakuaga. Walifika, mtoto akazaliwa mzima, na Adama hawajakanyaga tena.

Siku ile vumbi lao halijatua, Desta akalivua lile tairi la nne kwenye rimu, mama aone kwamba hamna kitu. Mpira mpya, haujagusa barabara. Ndani mlijaa mate. Ya uvuguvugu.

Mpaka leo limelazwa uani kwake. Jua la hapa linakausha hata kamasi za mbuzi puani. Hayo hayakauki.