Kiwiko cha Nurto

Abdiwahid ana bucha mjini Garsen, lakini shoka hana. Mbuzi mzima humkata vipande kwa kisu kimoja kidogo, na wateja humsifu. Kila asubuhi mke wake Nurto, mama wa binti yao Ifrah, hupita buchani kuchukua nyama ya nyumbani. Siku hizo aliipokea kwa mkono wa kushoto.

Mkono wa kulia aliuvunja alipoanguka kwenye bodaboda. Hospitalini walimfunga plasta wiki sita. Siku ya kumfungua walimwambia, "Mfupa umeunga. Sasa uanze kukunja mkono kidogo kidogo."

Abdiwahid alikataa. "Mbuzi wangu mmoja aliyevunjika mguu alifunguliwa mapema, akavunjika tena," alisema. "Mfupa ni mfupa."

Akaufunga mkono kwa vijiti na kitambaa, ukiwa umenyooka, miezi miwili mizima. Alifanya hivyo kwa mapenzi, lakini mapenzi hayakunji kiwiko. Vijiti vilipotolewa, mkono ulibaki umenyooka vile vile. Haukufika mdomoni.

Kwa Waislamu, kula kwa mkono wa kushoto ni aibu. Nurto akawa anakula peke yake jikoni, mlango ameufunga. Harusi ya mdogo wake Ramla ilikuwa inakuja huko Tarasaa. Wanawake wangekula pamoja kwenye sinia moja. Nurto aliamua kutokwenda, na uamuzi huo ulimuuma kuliko kuvunjika kwenyewe.

Asubuhi moja jirani yao Kadii alikuja kununua nyama, akamkuta Nurto buchani. Kazi yake ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo kliniki. Alimshika Nurto kiwiko taratibu.

"Mama Ifrah, huu mkono uko hivi tangu lini?"

Nurto alimweleza yote. Kadii akamgeukia Abdiwahid.

"Baba Ifrah, mguu wa mbuzi unautenganisha wapi?"

"Kwenye kiungo. Kwani nani anakata mfupa kwa kisu?"

"Hebu fungua kimoja tuone."

Kisu kikapita. Ncha za mifupa miwili zikaonekana, nyeupe, zinateleza.

"Huu weupe ni gegedu," Kadii alisema. "Unazuia mifupa isisagane. Na utelezi huu ni kama mafuta kwenye bawaba ya mlango. Mfupa haujikunji. Misuli inavuta, kiungo kinakunjika. Bega linazunguka kila upande, kiwiko kinakunjika na kunyooka tu. Mfupa uliovunjika unataka kutulia mpaka uunge. Lakini kiungo kinataka mwendo. Ukikifunga muda mrefu, kinakakamaa."

Abdiwahid alikitazama kisu chake. "Wallahi, viungo navijua miaka ishirini," alisema. "Lakini vya mbuzi aliyekufa."

Nurto alicheka, ingawa hasira alikuwa nayo.

"Basi niuvute huo mkono?" Abdiwahid aliuliza.

"Usithubutu! Wala usiukande kwa nguvu. Aukunje mwenyewe, pole pole, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kesho aje kliniki nimpime."

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, na Nurto alilia. Wiki ya tatu vidole viligusa kifua. Aliendelea, na Abdiwahid akamhesabia.

Siku ya harusi alikwenda Tarasaa, na sinia la pilau liliwekwa katikati. Nurto alikaa na shangazi zake. Akafinyanga tonge kwa mkono wa kulia. Mkono ulipanda, ukakwama karibu na kidevu. Akainamisha kichwa kidogo, mdomo ukalifikia tonge. Punje kadhaa zilimwangukia kifuani. Hakuna aliyemtazama, kila mmoja alikuwa na njaa yake. Nurto akachukua tonge la pili.