Kompyuta Sita, Kasha Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Faidha alipeleka ndoo bombani. Hakuwa na haja ya kusimama nayo. Maji ya Newala ni ya mgawo, kwa hiyo ndoo ndiyo inayokaa kwenye foleni. Mwenyewe hurudi nyumbani kufagia uwanja au kunywa uji, na ndoo yake humshikia nafasi. Mhudumu wa bomba la mtaa wao alikuwa mama yake Faidha. Ufunguo wa koki alikuwa nao yeye peke yake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, awe na cheo au asiwe nacho. Alizijua ndoo zote na wenyewe. Ile ya kijani iliyoungua ukingoni ilikuwa ya Mama Wema, na ile yenye mfuniko wa bluu ilikuwa ya Mzee Suleimani, mwenyekiti wa kamati ya shule.

Bombani hapo ndipo habari zote za mtaa zilipochotwa. Mtu aliweza kurudi bila maji, lakini hakurudi bila habari.

Faidha alikuwa darasa la sita, na alikuwa hodari wa kushuku. Ukimpa andazi, atalizungusha kwanza aone kama limemegwa. Ukimwambia kesho hakuna shule, atakwenda mpaka getini kuhakikisha. Wenzake walimtania kwamba hata kivuli chake hukigeukia mara mbili.

Muhula ule shule yao ilipata chumba cha kompyuta. Siku mzigo ulipofika, nusu ya mtaa ilikuja kutazama pikapu ikishusha maboksi yenye picha ya kompyuta. Watoto waliyahesabu kwa sauti: yalikuwa sita. Mwalimu Felix, mwalimu wa TEHAMA, akawatangazia wazazi, "Leo hii tuna kompyuta sita!" Kina mama wakapiga vigelegele.

Somo la kwanza lilipofika, Faidha alikaa mbele ya skrini yenye jina Kompyuta ya Nne. Mwalimu aliwafundisha kuandika insha fupi na kuihifadhi, kisha kufungua ukurasa unaoeleza mashine ina nini. Skrini yake ikaonyesha kwamba Kompyuta ya Nne ina diski yake, kumbukumbu yake na printa yake. Faidha akachungulia kwa Furaha, rafiki yake, aliyekaa kwenye Kompyuta ya Tano. Nayo ilidai hivyo hivyo. Basi Faidha akadondosha kalamu kwa makusudi, akainama chini ya meza.

Hakukuwa na mashine sita. Kulikuwa na kasha moja tu la chuma, limefungiwa ndani ya kizimba cha nondo, na nyaya za skrini zote ziliingia humo. Printa nayo ilikuwa moja tu, pale pembeni. Kwenye duka la kuchapa karibu na soko, Faidha alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kila skrini ina kasha lake. Sasa mengine matano yako wapi?

Alitaka kumuuliza Mwalimu Felix, lakini akajizuia. "Mtu akiwa mwizi humuulizi," alijiambia. "Unamchunguza."

Jioni ile ile, wakati jua linazama, alimwona Baba Furaha akitoka shuleni. Mzee Fikirini, baba yake Furaha, ndiye aliyekuwa mlinzi wa shule. Alikuwa amekumbatia boksi lenye picha ya kompyuta, limefunikwa kwa kipande cha kanga, na alitembea taratibu mno.

"Shikamoo, Baba Furaha."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita, usinigonge." Akageuza bega ili Faidha asione ndani.

Kesho yake Faidha akasikia kwamba Mwalimu Felix amekwenda Masasi kwenye semina. Kwake yeye, mambo yakawa yamekamilika: mmoja anabeba, mwingine anauza. Asubuhi hiyo, alipokuwa akiweka ndoo yake, alimnong'oneza Mama Wema yote aliyoyaona.

Mama Wema si mtu wa kuweka neno likalala. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wakisema kompyuta tano zimeuzwa Masasi. Ilipofika alasiri, kompyuta hizo zilikuwa zimekwisha kuvuka Mto Ruvuma na kuingia ng'ambo. Mwenyekiti, Mzee Suleimani, akamsimamisha Baba Furaha kazi. Alimwambia kwamba kamati itakaa Ijumaa baada ya swala, na kama mashine tano hazitaonekana, shauri litakwenda polisi.

"Siku ya mzigo niliingiza kasha moja tu mle ndani," alijitetea Baba Furaha. "Wallahi, moja!"

Nani angemsikiliza? Mtaa mzima ulikuwa umehesabu maboksi sita. Hata kumpigia simu Mwalimu Felix hakuna aliyetaka, kwa sababu walisema akishtuliwa atakimbia.

Furaha akahama dawati, maana alijua aliyemwona baba yake na boksi ni Faidha peke yake. Hakumgombeza Faidha wala hakumwangalia. Faidha alipokutana na Baba Furaha njiani na kumwamkia, mzee alipita kimya kana kwamba hakusikia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuiacha shikamoo yake ikianguka chini. Ilimuuma sana, lakini bado alijiambia kwamba ukweli ni ukweli.

Siku ya pili yake, wakati wa somo la kompyuta, Mwalimu Mkuu aliwasimamia ili waendelee na kazi zao. Tahiri, kijana mwenye miguu mirefu isiyojua pa kukaa, aliukanyaga waya wa umeme wa lile kasha, ukachomoka. Skrini zote sita zikazimika papo hapo. Waya uliporudishwa, zikawaka tena. Faidha akafungua faili lake, akaikuta insha yake ya somo la kwanza, neno kwa neno.

Akakaa akiitazama. Kama mashine yake imeuzwa ng'ambo ya Ruvuma, hii insha imehifadhiwa wapi? Na kama kasha lile ni la mtu mmoja, mbona liliwazima wote sita, na mbona limemkumbuka kila mmoja na kazi yake? Kwa mara ya kwanza Faidha alijishuku mwenyewe.

Alipotoka shule alikwenda moja kwa moja bombani.

"Mama, ile habari ya kompyuta ilitoka kwangu."

Mama yake aliifunga koki kwanza. "Ulimuuliza Mwalimu?"

"Hapana."

"Ulimuuliza Baba Furaha amebeba nini?"

"Hapana, Mama."

Mama akatoa simu kwenye mkunjo wa kanga yake, akampigia Mwalimu Felix. Mwalimu alishangaa mno. Aliahidi kwamba Ijumaa atakuwepo, semina iishe isiishe.

Ijumaa chumba cha kompyuta kilijaa. Mzee Suleimani alikaa mbele, fimbo mapajani, uso umekunjamana. Alianza na Baba Furaha. "Tueleze, boksi lile ulilolibeba lilikuwa na nini?"

Baba Furaha alitoka nje, akarudi na boksi lenyewe, akaliweka mezani. Mwenyekiti akafunua kanga kwa haraka. Kuku jike akamdonoa kidole.

"Anaatamia," alisema Baba Furaha. "Alitaga ndani ya stoo ya shule, nikaomba boksi tupu nimhamishie nyumbani. Ukimtikisa anayakimbia mayai."

Watu waliangua kicheko, isipokuwa mwenyekiti aliyekuwa akinyonya kidole. "Sawa, huyo ni kuku," alisema. "Na kompyuta tano?"

Mwalimu Felix akasimama. Alikuwa bado na vumbi la safari. "Mama Faidha, bombani kwako kuna koki ngapi?"

"Moja."

"Na watu wanaochota?"

"Mtaa mzima."

"Wanaigusa koki wenyewe?"

"Thubutu!" alisema Mama Faidha, na watu wakacheka tena.

"Basi na humu ndani ni hivyo hivyo." Mwalimu alifungua kizimba, akaligonga kasha. "Hii ndiyo kompyuta yetu halisi, na ina nguvu nyingi. Ndani yake kuna programu inayoitwa kiini cha mfumo endeshi. Kiini ndicho mshika koki. Hicho peke yake ndicho kinachogusa diski na printa. Halafu kinaitengenezea kila skrini kompyuta ya kuigiza. Wataalamu wanaziita kompyuta pepe. Kila moja inaonyeshwa diski na printa, inaamini ni zake peke yake. Ikitaka kuchapa, kazi yake inawekwa kwenye foleni kama ndoo. Kiini kinaichukua kwa zamu yake, na hakichanganyi ya huyu na ya yule."

"Maneno mazuri," alisema mwenyekiti. "Lakini mimi nataka kuona."

Mwalimu akamkalisha mwenyekiti mwenyewe kwenye Kompyuta ya Kwanza, na wazazi wengine kwenye zilizobaki. Kila mmoja aliandika jina lake, Mzee Suleimani kwa kidole kile kile kilichodonolewa, kisha wote wakaiamuru printa ichape kwa pamoja. Printa ile moja ikatema karatasi ya kwanza, ikafuata ya pili, mpaka ya sita, kila moja na jina la mtu wake. Kisha Mwalimu akaizima Kompyuta ya Nne peke yake. Zile nyingine ziliendelea kama vile hazikujua.

"Na maboksi sita tuliyoyahesabu?" mwenyekiti hakukubali kuachia.

"Yale yalikuwa ya skrini, Mzee. Kasha lilikuja kwenye boksi la saba, la kahawia, halina picha. Hakuna aliyelihesabu kwa sababu halikupendeza." Mwalimu akainamisha kichwa. "Lakini na mimi nina kosa. Nilitangaza kompyuta sita nikaishia hapo. Ningewaonyesha haya tangu siku ile, mzee wa watu asingedhalilika."

Mzee Suleimani alinyanyuka, akamshika Baba Furaha mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Kesho rudi kazini." Kisha akaugeukia mkutano. "Nani aliyeanzisha habari hii?"

Mama Wema akatazama dari. Faidha alisimama.

"Ni mimi. Nilishuku, nikasema bila kuuliza. Nisamehe, Baba Furaha." Machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

Mama yake alimshika bega. "Kushuku si kosa, mwanangu. Shaka yako ndiyo iliyokurudisha kwenye ukweli. Lakini shaka ni swali, na swali hupelekwa kwa mwenye jibu. Wewe ulilipeleka foleni, na mtu asiye na hatia akakosa kazi. Sasa kuomba radhi humu ndani hakutoshi. Ulilisemea bombani, utalifutia bombani."

Kesho yake asubuhi Faidha hakuiacha ndoo yake akaondoka. Alisimama penye foleni, na kila aliyekuja kuchota alimweleza: hakuna kompyuta iliyoibwa, Baba Furaha hakuchukua kitu, habari ile ilikuwa ya uongo na mimi ndiye niliyeianzisha. Wengine walimcheka, wengine waliguna. Mama Wema alisikiliza mara mbili, bila kusema neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba maji yenyewe.

Mwishoni alikuja Baba Furaha, amevaa koti lake la ulinzi, kuchukua ndoo yake.

"Shikamoo, Baba Furaha," Faidha alisema kwa sauti ndogo.

Mzee alimtazama kidogo. "Marahaba, mwanangu." Akajitwisha ndoo, akaiweka sawa kichwani. "Vifaranga wameanza kutoka. Furaha amesema uje jioni uwaone. Ila safari hii funua boksi kwanza, ndipo useme kuna nini ndani."