Neno Usahaulifu

Kihamishi kiliwaka, na utoto wa Elipendo ukaanza kuingia kichwani mwa mama yake. Kilikuwa kofia mbili za shaba zilizounganishwa kwa waya, na hospitali hiyo ya Moshi ilikitumia kuwatibu wazee waliopoteza kumbukumbu. Kumbukumbu za mtoto kuhusu mzazi wake zilihamishiwa kwa mzazi.

Baada ya kikao cha tatu, mama alifumbua macho.

"Elipendo, mwanangu." Kisha akamtazama binti yake mkubwa, Namkunda. "Na huyu mgeni mmempa chai?"

Kwa miezi saba Namkunda ndiye aliyemwogesha mama na kumlisha, Elipendo akiwa Arusha. Lakini vipimo vilionyesha kuwa kumbukumbu za Elipendo ndizo zinazofaa kuhamishwa, na sasa mama alimshika huyo mkono, akicheka.

"Unakumbuka jogoo alivyokukimbiza, ukajificha ndani ya kanga yangu?"

Elipendo alitabasamu tu. Namkunda akatoka, na mdogo wake akamfuata hadi kwenye korido.

"Umefurahi sasa," Namkunda alisema. "Mama amekuwa wako peke yako."

"Dada, jogoo gani?"

"Usinifanyie mzaha. Kisa hicho unakisimulia kila tukikutana."

Elipendo aliegemea ukuta. "Sikumbuki. Hata sura ya mama alipokuwa kijana siioni tena. Fomu ya kukubali matibabu ilisema nitapata usahaulifu. Nikajua ni mambo ya kusahau funguo, nikatia sahihi."

Namkunda aliijua fomu hiyo. Kazi yake pale hospitalini ilikuwa kutafsiri nyaraka. Mwanzoni aliandika "kupoteza kumbukumbu moja kwa moja", mkuu wake akasema maneno hayo yatawatisha watu. Akatafuta neno laini, akaenda nyumbani mapema.

"Usahaulifu ni wa mtu aliyeacha sufuria jikoni," alisema polepole. "Baadaye anakumbuka. Kumbukumbu zako zimeondoka, hazirudi. Neno lile niliandika mimi."

"Kimebaki kikao kimoja," Elipendo alisema.

"Usikifanye, mdogo wangu."

"Unanionea huruma, dada, au ni wivu?"

Namkunda alitaka kusema huruma. Kupitia mlango ulioachwa wazi, alimsikia mama akiita jina la Elipendo.

"Vyote viwili," alijibu.

Elipendo alimtazama, akavua mkononi utepe wa hospitali aliovalishwa kwa ajili ya vikao, akamkabidhi dada yake. Kisha akaingia kumwitikia mama, ingawa hakujua ataulizwa nini.