Zamu ya Kubadili Oili

Jamani, wenye ndugu na wenye magari, habari hii inawahusu. Na asiye na gari asiondoke, maana ndugu hakosi.

Kulikuwa na kinyozi aliyeishi kiwanja kimoja na kaka yake seremala, nyumba mbili zikitazamana. Mama yao alilala chumba cha nyuma kwa seremala. Baba alipofariki aliwaachia gari dogo jeupe walitumie wote. Jumamosi asubuhi ungependa kuwaona: mmoja anabeba ndoo, mwingine anasugua matairi, na mama, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka, amekaa kiti cha mbele mlango wazi, akiwatania.

"Hilo gari sasa limewashinda kwa sura," aliwaambia, nao wakacheka hadi povu likawaingia machoni. Majirani walisema wale wawili ni ulimi na mate.

Kilichowatenganisha si mwanamke wala shamba. Ni oili ya injini.

Seremala alishikilia kwamba oili hubadilishwa kila kilomita elfu tano. Kinyozi alisema elfu kumi, ndivyo kitabu cha gari kilivyoandika.

"Walioandika kitabu hawakuiona barabara yetu," alisema seremala. "Sisi tunakula vumbi."

"Kaka, wewe ukisikia harufu ya gereji unaona kama marashi."

"Na wewe mkono wako umeota mizizi mfukoni."

Wangeweza kumuuliza fundi, mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Lakini, msomaji wangu, hakuna aliyetaka kujua. Kila mmoja alitaka kushinda.

Seremala alibadili oili mara mbili mfululizo, kisha akanawa mikono. "Safari hii ni zamu yako, bwana mdogo. Mimi hata boneti sifungui."

"Ikifika elfu kumi nitabadili," kinyozi akajibu.

Elfu tano ikapita. Elfu kumi nayo ikafika, kinyozi akisema kesho, kesho, ikapita. Kufikia hapo kaka yake alikuwa akimcheka kila siku, na kinyozi hakuweza tena kubadili oili bila kuonekana amesalimu amri, kwa hiyo hakubadili. Injini ikaanza kulia kila asubuhi kama debe lenye kokoto. Kila mmoja aliisikia, kila mmoja akajifanya kiziwi.

"Wanangu," mama aliwaonya, "injini haina subira kama mimi. Haitawangoja mmalize kubishana."

Jumatano moja kinyozi alikuwa anarudi na gari kutoka kazini, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Kituo cha mafuta kilikuwa palepale, oili imepangwa dirishani. Akakata kona, akaingia, akazima gari. Alikuwa ameshafungua mlango alipokumbuka kwamba asubuhi ile kaka yake alimwita kupe mbele ya wateja wake, kupe anayenyonya gari la marehemu. Damu ikamchemka upya. Kesho gari lingekuwa mikononi mwa seremala. Basi limfie huko huko, aone.

Akatoa kwenye begi lake plasta, zile anazowabandika wateja wembe ukiwakwaruza, akaifunika ile taa. Kisha akaendesha polepole hadi nyumbani.

Msidhani alisahau kwamba Alhamisi ndiyo siku ya mama kupelekwa hospitali kusafishwa damu. Hakusahau. Alijiambia tu kwamba gari likizima, watapanda teksi.

Asubuhi mama alisimama chini ya dirisha la kinyozi.

"Baba, umeamka? Sisi tunaondoka. Leo miguu imevimba na kifua kinanibana. Uniombee."

Kinyozi alikuwa macho. Maneno mawili tu yangetosha: kaka, usiliwashe. Akavuta shuka hadi juu ya kichwa. Akamsikia mama akingoja kidogo, kisha kandambili zake zikaondoka taratibu. Gari likakohoa, likatoka.

Simu yake ililia akiwa anapiga mswaki. Gari lilikuwa limenoki, injini imekufa, katikati ya daraja refu. Hakuna pa kuegesha, honi zinalia nyuma.

"Umeua gari!" seremala alifoka. "Nilikwambia elfu tano!"

"Nani ameshika usukani, mimi au wewe?"

"Bahili mkubwa!"

"Mjuaji mkubwa!"

Nyuma ya sauti ya kaka yake kinyozi alisikia pumzi nzito, kama za mtu anayepumua ndani ya maji. Halafu mama, polepole: "Wanangu... nitafutieni usafiri kwanza."

Ndugu zangu, naona haya kulisema, lakini waliendelea. Walitukanana hadi salio la seremala likaisha.

Mwenye gari la mikate ndiye aliyesimama, akampakia mama katikati ya kreti. Walipofika hospitali maji yalikuwa yameshajaa mapafuni. Kinyozi alifika akikimbia, akamkuta mama amewekewa oksijeni, hawezi kusema. Macho yake yalitoka kwa mwana mmoja yakaenda kwa mwingine. Wote wawili waliunyooshea mikono mkono wake. Mama akauvuta, akauficha chini ya shuka. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameaga dunia.

Fundi wa gereji alipofungua injini hakukuta oili, alikuta uji mweusi kidogo chini. Seremala ndiye aliyeiona plasta. Alikuja nayo matangani, ameishika kwa vidole viwili, akaiweka mbele ya mdogo wake.

"Hii ni ya nani?"

Kinyozi akaisukuma kando. "Na wewe? Ile injini ilivyokuwa inalia, hukuisikia?"

Kweli, seremala aliisikia. Hata yeye alikuwa amengoja ife, apate kusema nilisema.

Dada yao, aliyesafiri kuja kuzika, ndiye aliyewakatiza. "Mmebishana elfu tano, elfu kumi. Toka hapa hadi hospitali ni kilomita kumi na mbili. Mama alihitaji hizo tu." Akafunga nguo za mama kwenye kanga, akaondoka, na simu zao hajapokea tena.

Leo ukuta umejengwa katikati ya kile kiwanja. Kinyozi bado anafungua duka kila asubuhi, anafuta kioo, anakaa. Habari ya plasta imeenea, na wateja hawaji. Nani atampa shingo yake mtu mwenye wembe, aliyeweza kujifunika shuka mama yake akimuaga dirishani?

FUNZO

Muda wa kubadili oili hauamuliwi kwa ubishi. Soma kitabu cha gari, muulize fundi barabara zako zinataka nini, na hata kabla ya muda huo vuta kijiti cha kupimia oili mara kwa mara uangalie. Taa nyekundu ikiwaka, simama.

Lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni hili: mtu anayetaka kumkomoa ndugu yake hawezi kuchagua nani atakaa kiti cha pembeni. Kama unajua jambo litakalomdhuru mwenzako, liseme, hata kama mmenuniana. Kushindwa ubishi hakujamuua mtu. Kunyamaza kumeua.